Eti simba wa Mikumi ni mjukuu wa paka mwenye meno ya jambia?

Wadau, hapa Kilosa nimeshasikia sana hiyo. Si kweli! Mifupa ya paka mmoja wa aina hiyo, Homotherium, ilipatikana Koobi Fora, Kenya. DNA ya mwenzake wa Kanada, iliyochapishwa mwaka 2020, ilionyesha ukoo wao ulijitenga na wa paka wote wa leo zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita. Simba na paka wa nyumbani waliachana kama milioni 11 tu. Kwa hiyo nyau wako ndiye ndugu wa karibu wa simba! Wale wa majambia walikwisha, hawakuacha hata mjukuu. Madereva mnaokatiza hifadhi ya Mikumi, punguzeni mwendo. Simba nao wakiisha, imekula kwetu. Mnasemaje?