Namba Ndani ya Pembe: Utambuzi wa Kielektroniki wa Vifaru wa Ziwa Nakuru

Chipu ya pembe ni kidonge cha kioo chenye urefu wa milimita 12 hivi na unene wa milimita mbili, ukubwa wa punje ya mchele. Hufukiwa ndani ya pembe ya kifaru akiwa hai, ili pembe hiyo iweze kutambuliwa popote itakapokamatwa. Ndani ya kioo mna koili ya waya mwembamba na kipande cha silikoni kilichoandikwa namba moja isiyofutika. Hamna betri wala chombo cha kuonyesha mahali mnyama alipo. Watu wengi hudhani kwamba kifaru mwenye chipu huonekana kwenye ramani ya askari wa mbuga saa zote; haonekani. Chipu hukaa kimya kwa miaka, mpaka skana iletwe sentimita chache karibu nayo.

Kenya ilifikia hatua hii baada ya hasara kubwa. Mwaka 1970 nchi ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki chini ya 400, ingawa mkataba wa CITES ulikuwa umeipiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe zao tangu 1977. Waliosalia walikusanywa katika hifadhi chache zenye ulinzi wa karibu. Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru, iliyokuwa imejulikana zaidi kwa ndege wake aina ya heroe, ilizungushiwa ua wa umeme katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1987 vifaru weusi wakaletwa humo kutoka ranchi ya Solio, upande wa Laikipia. Vifaru weupe waliotoka Afrika Kusini walifuata baadaye. Mbuga hii ina kilomita za mraba 188 tu, na upande mmoja inapakana na mitaa ya mji wa Nakuru. Tangu mwanzo wa miaka ya 2010 maji ya ziwa yamepanda, yakafunika lango kuu la zamani na sehemu kubwa ya malisho ya ufukweni. Nafasi ikibana hivyo, baadhi ya vifaru lazima wahamishwe, na mnyama anayehamishwa kutoka mikono ya walinzi hawa kwenda kwa wale lazima ajulikane yeye ni nani.

Oktoba 2013 shirika la uhifadhi la WWF lilikabidhi Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, chipu 1,000 na skana tano, kwa gharama ya dola 15,000 hivi. Idadi hiyo ya chipu ilikaribiana na idadi ya vifaru wote waliokuwa nchini wakati huo, weusi na weupe. Bei ya vifaa yenyewe ni ndogo. Kinachogharimu ni kumfikia mnyama.

Skana hutoa uga wa sumaku unaogeuka mara 134,200 kwa kila sekunde. Uga huo ukiigusa koili ya chipu, huzalisha umeme kidogo ndani ya waya, kwa kanuni ileile inayotumika katika transfoma ya stima. Umeme huo unatosha kuiamsha silikoni, nayo hujibu kwa kuutikisa uga kwa mpangilio unaobeba namba yake. Skana ikiondolewa, chipu hulala tena. Masafa haya ya chini yamechaguliwa kwa makusudi, kwa kuwa hupenya maji, nyama, matope na keratini. Pembe ya kifaru haina mfupa ndani. Ni keratini tupu, protini ileile ya kucha na nywele, na kwa hiyo haizuii mawimbi hayo. Hasara yake ni kwamba umbali wa kusoma ni mfupi sana. Hakuna askari anayeweza kuisoma chipu ya kifaru aliyesimama kichakani.

Namba yenyewe hufuata viwango viwili vya kimataifa: ISO 11784, kinachopanga namba, na ISO 11785, kinachopanga mazungumzo kati ya skana na chipu. Ina tarakimu 15. Tatu za mwanzo ni msimbo wa nchi, ambao kwa Kenya ni 404, au msimbo wa kiwanda unaoanza na 9. Kumi na mbili zinazobaki ni za mnyama mmoja tu, na nafasi iliyotengwa inatosha namba zaidi ya bilioni 274 kwa kila msimbo. Pamoja nazo chipu hutuma tarakimu za ukaguzi, ambazo skana huzitumia kugundua kama namba imesomwa vibaya.

Ukaguzi huo unahitaji kueleweka vizuri, maana hapo ndipo maelezo mengi ya teknolojia hii hupotoka. Tarakimu za ukaguzi huonyesha kosa la kusoma, udanganyifu haziuoni. Viwango hivi vilitungwa kwa ajili ya ng'ombe, mbwa na paka, na daktari yeyote wa mifugo mwenye skana ya kawaida anaweza kuisoma namba ya kifaru. Haijafichwa kwa msimbo wowote wa siri. Ziko pia chipu zinazoandikika upya, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kuipa mojawapo namba ya chipu nyingine. Namba, basi, humtaja mnyama. Kuthibitisha kwamba pembe hii kweli ni ya mnyama huyo ni kazi nyingine, na hufanywa kwa njia nyingine.

Kasino hutumia teknolojia ya aina hii, na ulinganisho huo una faida. Wynn Las Vegas, iliyofunguliwa mwaka 2005, ilikuwa miongoni mwa kasino za mwanzo kutia vipande vya redio ndani ya chipu za kuchezea. Kasino nyingi sasa hutumia masafa ya juu zaidi, megahezi 13.56, ambayo huwezesha antena iliyofichwa chini ya meza kusoma rundo zima kwa mara moja, na aina mpya zaidi hubadilishana na skana maneno ya siri ambayo chipu ya kughushi haiwezi kuyajibu. Lakini ulinzi mkubwa zaidi wa kasino umo katika vitabu vyake. Desemba 2010 mtu mwenye bastola aliingia Bellagio, Las Vegas, akatoroka kwa pikipiki na chipu zenye thamani ya dola milioni 1.5. Kasino ilitangaza kuziondoa chipu za dola 25,000 katika matumizi, na baada ya tarehe iliyowekwa zikawa hazina thamani tena. Mwizi alikamatwa akijaribu kuziuza.

Pembe ya kifaru haiwezi kufutwa hivyo. Thamani yake imo vichwani mwa wanunuzi walio mbali, na mnunuzi anayetaka kuisaga iwe unga haulizi namba. Kwa hiyo chipu haiishushi bei ya pembe hata kwa shilingi moja. Kazi yake ni kumhusisha aliyekutwa na pembe na mzoga uliobaki porini, na ni kwa kazi hiyo inapaswa kupimwa.

Kuiweka chipu ni shughuli ya watu wengi. Daktari wa wanyamapori humpiga kifaru kishale chenye dawa ya etofini, mara nyingi kutoka kwenye helikopta, huku magari yakifuata chini. Dawa hii ni kali kiasi kwamba tone dogo linaweza kumuua mtu, na dawa ya kuizima lazima iwe tayari mkononi. Kifaru hulala baada ya dakika chache. Hufungwa kitambaa machoni na kuzibwa masikio ili asishtuke, na kupumua kwake hufuatiliwa muda wote, kwa sababu etofini hupunguza pumzi na mnyama mwenye uzito wa tani moja au zaidi hujilalia mapafu. Tundu hutobolewa kwa keekee karibu na shina la pembe, chipu ikatiwa, na tundu likazibwa kwa gundi ngumu. Kwa kawaida pembe ya mbele hupata chipu yake, ya nyuma yake, na nyingine huwekwa chini ya ngozi. Hii ya mwilini ndiyo inayowezesha mzoga uliokatwa pembe zote mbili kutambuliwa.

Wakati uleule masikio hukatwa mapengo. Kila sehemu ya ukingo wa sikio ina thamani yake ya namba, na jumla ya mapengo ya masikio yote mawili ndiyo namba ya kifaru. Njia hii ni ya zamani na haina umeme wowote, lakini ndiyo inayomwezesha askari wa doria kumtambua kila mnyama kwa darubini. Kwa ulinzi wa kila siku pengo la sikio lina manufaa zaidi kuliko chipu, na mipango ya fedha isilisahau hilo kwa sababu chipu inavutia zaidi kutajwa kwenye ripoti.

Unga unaotoka kwenye tundu la keekee hautupwi. Huwekwa kwenye kifuko chenye namba, pamoja na damu, kipande cha ngozi kilichotoka sikioni na nywele za mkia zenye mizizi. Hivi ndivyo vyanzo vya DNA, na ndimo ulimo uthibitisho wenyewe. Maabara husoma sehemu kadhaa za DNA ambazo urefu wake hutofautiana kati ya mnyama na mnyama. Mfumo wa RhODIS, uliobuniwa katika kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Pretoria, Onderstepoort, hutumia sehemu 23. Kila mnyama hupata jozi ya vipimo kwa kila sehemu, na mfululizo wote kwa pamoja haurudiwi na kifaru mwingine isipokuwa pacha wa yai moja. KWS ilifungua maabara yake ya uchunguzi wa kisayansi mjini Nairobi mwaka 2015, kwa hiyo sampuli za kesi za Kenya hazihitaji tena kusafirishwa nje ya nchi.

Chipu na DNA hukutana kwenye daftari la vifaru. Humo huandikwa namba za chipu, mapengo ya masikio, jinsia, mama ikiwa anajulikana, mbuga, tarehe ya kila kishale, uhamisho na kifo. Bila daftari, tarakimu 15 ni tarakimu tu. Kifaru akihamishwa na daftari lisisahihishwe, pembe iliyokamatwa itawapeleka wapelelezi kwenye mbuga isiyohusika, na siku za mwanzo za upelelezi zitapotea bure. Pembe za vifaru waliokufa kwa uzee au ugonjwa nazo huandikwa na kuhifadhiwa katika ghala la serikali. Pembe ikikamatwa sokoni na namba yake ionyeshe kwamba mnyama alikufa zamani na pembe ikapokelewa ghalani, mshukiwa wa kwanza hatafutwi porini. Kenya ilipochoma tani 105 za pembe za ndovu na tani 1.35 za pembe za vifaru tarehe 30 Aprili 2016, mzigo huo wa kulindwa ulipungua sana.

Mahakamani kila kitu hutegemea mnyororo wa makabidhiano. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha kwa makosa yanayohusu wanyama walio hatarini kutoweka. Kwa adhabu nzito kiasi hicho wakili wa mshtakiwa ana haki na wajibu wa kuhoji kila hatua: ni nani aliyeisoma chipu, kwa skana ipi, nani alitia pembe kwenye mfuko, na muhuri ulivunjwa lini. Maandishi yanayotoka kwenye kompyuta huhitaji cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, na cheti kisipokuwapo ushahidi unaweza kukataliwa hata kama ni wa kweli. Utaratibu unaofaa ni kusoma chipu kwanza, papo hapo ikiwezekana, ili wapelelezi wajue waende mbuga gani. Kisha kuchukua DNA ya pembe na kuilinganisha na ile ya mzoga na ile iliyohifadhiwa. Zote tatu zikilingana, mtetezi hubaki na machache ya kusema.

Chipu ina udhaifu unaotokana na mwili wa kifaru mwenyewe. Pembe hukua kutoka shinani, sentimita tano hivi kwa mwaka, na huliwa nchani kwa kusuguliwa kwenye miti na ardhi. Chipu iliyotiwa karibu na shina husogea juu mwaka hadi mwaka, na vifaru weusi huvunja pembe mara kwa mara. Jangili mwenye subira anaweza pia kuitafuta na kuichokoa, ingawa kazi hiyo humchukua muda na huacha shimo linaloonekana. Pembe ikishasagwa chipu imekwisha, lakini DNA inaweza kusomwa hata katika unga. Kwa sababu hizi chipu inafaa kuwekwa upya kila mnyama anapolazwa kwa ajili ya matibabu au uhamisho. Kumlaza kwa ajili ya chipu peke yake ni hatari isiyo na sababu ya kutosha.

Wanaobaki nje ya mpango huu ni ndama. Ndama hapigwi kishale mpaka akaribie umri wa kuachana na mama yake, kwa hiyo kwa miaka yake ya mwanzo hana chipu, hana pengo la sikio wala sampuli maabarani. Ila nusu ya DNA yake imetoka kwa mama, na pale ambapo sampuli ya mama imehifadhiwa, hata kipembe cha ndama huyo kinaweza kuhusishwa na ukoo wake na mbuga alikozaliwa.