Kinachonasa kwenye chujio la figo

Kwetu Shume malaria tunaiona ni ugonjwa wa kule chini. Baridi ya huku juu haimpi mbu nafasi, kwa hiyo mtu akishikwa na homa anaulizwa kwanza: ulishuka Mombo lini? Lakini kuna aina moja ya malaria inayoweza kujificha mwilini miaka mingi, na ikaja kujionyesha kwa mkojo wenye povu na uso wa mtoto unaoamka umevimba.

Kimelea chake ni Plasmodium malariae, si falciparum tuliyemzoea. Homa yake hurudi kila baada ya saa 72.

Sasa tuingie kwenye figo. Kila moja ina vichujio vipatavyo milioni moja, vinaitwa glomeruli, yaani vifundo vya mishipa myembamba mno ya damu. Maji na taka vinapita, protini inabaki kwenye damu. Miaka ya 1960, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari John Kibukamusoke na wenzake waliwaona watoto waliovimba mwili huku wakipoteza protini kwenye mkojo, na wengi walikuwa na malariae. Mwaka 1969 yeye na Peter Ward walichapisha matokeo yao kwenye jarida la Lancet. Kilichonasa kwenye chujio si kimelea mzima. Ni kingamwili za mgonjwa mwenyewe, zimeshikana na vipande vya protini ya kimelea.

Ungetegemea chujio lenye uchafu lizibe, sivyo? Hili linavuja! Mabonge yale yanaita askari wengine wa kinga, nao wanashambulia pale pale yaliponasa, na ukuta wa chujio unaharibika. Protini inatoka na mkojo. Damu ikipungukiwa nayo, maji yanahama kwenye mishipa na kujaa mwilini. Ndiyo huo uvimbe. Majirani watasema mtoto kanenepa, au ni unyafuzi, au karogwa.

Kibaya zaidi, ukishaharibika hivyo, kuua kimelea kwa dawa mara nyingi hakurudishi chujio katika hali yake. Ndiyo maana kuwahi malaria kuna maana kuliko kuhangaika na figo baadaye.

Uvimbe una sababu nyingine nyingi pia, kwa hiyo usikisie nyumbani. Kipimo cha kwanza ni rahisi: kijiti kinachovywa kwenye mkojo. Palipo na protini, kile kibandiko cha njano kinageuka kijani.