Mali ya Kijiji na Daftari Lake: Funzo la Mikoko ya Gazi

Wahenga wetu walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii twaikumbuka sana dukani, lakini ni nadra kuikumbuka panapohusika mali ya kijiji kizima. Tukizungumzia maendeleo ya kaunti zetu za pwani, huuliza kwanza ni fedha kiasi gani zimetoka Nairobi. Swali la nani aliyekaa kuamua matumizi yake, na ni wapi hesabu yake iliposomwa, huja mwisho, au lisije kabisa. Wiki hii twaziomba familia zetu zitazame mfano ulio karibu nasi, katika ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale.

Mikoko si kitu kigeni kwetu. Kwa karne nyingi boriti za pwani hii zilipakiwa majahazini zikauzwa Arabuni na Ghuba ya Uajemi, na nyumba kongwe za Lamu na Mombasa zimebebwa na boriti hizo hizo. Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kuziuza nje ya nchi. Huko Gazi, ukataji wa kuni za viwandani katika miaka ya 1970 ulikuwa umekwisha kuacha sehemu za ufuo zikiwa tupu. Mkoko ukiondoka, samaki wadogo na kamba hukosa maficho ya kukulia, na mvuvi huliona jambo hilo katika nyavu zake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya pamoja na wanakijiji walianza kuipanda upya.

Mwaka 2013, mwaka ule ule serikali za kaunti zilipoanza kazi, wenyeji wa Gazi na jirani zao wa Makongeni walianzisha mradi wa Mikoko Pamoja, unaolinda hekta 117 za msitu. Utaratibu wake si mgumu kuuelewa. Mti wa mkoko huvuta hewa ya ukaa kutoka angani, na sehemu kubwa ya kaboni yake huhifadhika katika tope lililo chini ya mizizi. Kiasi kinachohifadhiwa hupimwa na kukaguliwa, kisha kila tani huandikiwa cheti ambacho watu na makampuni ya ng'ambo hukinunua ili kufidia moshi wao. Mradi huu uliandaliwa kwa makadirio ya tani 3,000 hivi kwa mwaka, chini ya kanuni za shirika la Plan Vivo, ambazo hutaka angalau asilimia 60 ya mapato iwafikie wanajamii.

Fedha hizo si utajiri. Hata hivyo, zimeleta maji ya bomba, zimenunua vitabu na kukarabati shule, na zimegharimia ulinzi na upandaji wa mikoko. Ili mtu mwenye haja ya kuni na miti ya kujengea asiurudie msitu, mivinje ilipandwa kando. Akina mama wa Gazi nao wana njia yao ya mbao inayopita katikati ya mikoko, ambako wageni hulipa ili watembee. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu vimefuata nyayo hizo kwa hekta 460.

Kwa maoni yetu, siri ya Gazi iko zaidi katika baraza kuliko katika mti. Kamati ya mradi huchaguliwa na vijiji vyenyewe, na matumizi hujadiliwa mbele ya watu. Mafunzo haya tayari tunayo katika dini yetu. Qur'ani ina sura iitwayo Ash-Shura, inayowasifu waumini waendeshao mambo yao kwa kushauriana. Na aya iliyo ndefu kuliko zote, aya ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi.

Hatusemi kwamba njia hii haina kasoro. Bei ya cheti huamuliwa mbali na Gazi. Msitu wenyewe ni wa serikali, na wanakijiji huusimamia kwa mkataba. Aliyekuwa akiishi kwa kukata boriti anastahili kupewa riziki badala ya karipio. Na wapo wanaouliza, kwa haki, iwapo mnunuzi wa ng'ambo haneemeki kwa kuendelea kuchafua.

Lakini tulinganishe na utajiri mwingine wa Kwale hiyo hiyo. Uchimbaji wa madini ya titani ulikoma mwishoni mwa mwaka 2024, baada ya zaidi ya miaka 10. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inaipa jamii asilimia 10 ya mrabaha, kaunti asilimia 20, na serikali kuu asilimia 70. Madini yakishachimbwa hayaoti tena. Kitakachobaki ni kile ambacho jamii itakuwa imekijenga kwa sehemu yake. Fungu lililoandikwa katika sheria halimfikii mwananchi mpaka pawepo kamati anayoiamini na daftari analoweza kulisoma.

Basi, ndugu zetu, kazi ianzie nyumbani. Katiba ya mwaka 2010 imetupa haki ya kushiriki katika kupanga bajeti ya kaunti. Mkutano wa wadi ukitangazwa, baba na mama waende, na kijana aliyesoma achukue kalamu. Misikiti na madrasa zetu nazo zisome hesabu za sadaka na wakfu hadharani, walau kila mwezi baada ya sala ya Ijumaa, ili watoto wakue wakiona amana inavyolindwa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mti aupandao Muislamu, wakala kwao ndege, mtu au mnyama, ni sadaka yake. Allah atuwafikishe kuipanda, na kuitunza hesabu yake.