Kutoka Lake Street hadi Cedar: Mitaa ya Tamaduni ya Minneapolis

Anayetua Minneapolis akitokea Nairobi au Dar es Salaam hahitaji gari ili aanze kulijua jiji hili. Treni ya Blue Line, iliyoanza kazi mwaka 2004, inamchukua palepale uwanja wa ndege na kumpitisha Lake Street, Franklin, kisha Cedar-Riverside. Vituo hivyo vitatu vinafuatana, lakini kila kimoja kina watu wake, vyakula vyake na kilio chake.

Mwaka 2020 halmashauri ya jiji ilitambua rasmi baadhi ya barabara kuwa maeneo ya kitamaduni, zikiwemo Cedar, Lake Street, Franklin na Barabara ya 38. Lengo si kupamba mitaa kwa ajili ya watalii. Ni kuwasaidia wapangaji na wenye biashara ndogo, ili mtaa ukishachangamka, waliouchangamsha wasifukuzwe na kodi ya pango. Mimi naiona hiyo kuwa sera ya haki, na ndiyo sababu ya makala haya.

Cedar-Riverside ndipo Mswahili hujisikia nyumbani upesi. Minara ya Riverside Plaza, yenye mabamba ya rangi ukutani, inaonekana kutoka mbali. Ilisanifiwa na Ralph Rapson na kufunguliwa mwaka 1973, kwa nia kwamba wenye nacho na wasio nacho wakae pamoja, katika mtaa ambao zamani ulikuwa wa wahamiaji wa Skandinavia. Wenye nacho hawakukaa, lakini fleti zaidi ya 1,300 zilibaki, karibu na mabasi na chuo kikuu. Wasomali waliokimbia vita katika miaka ya 1990, wakavutwa Minnesota na kazi za viwanda vya nyama na mashirika ya kanisa yaliyopokea wakimbizi, wakapata hapo pa kuanzia. Wengi wao walipitia Kenya. Ilhan Omar, mbunge wa eneo hili katika Kongresi tangu 2019, aliishi utotoni miaka minne katika kambi ya Utange, karibu na Mombasa. Kwa hiyo ukiuliza njia kwa Kiswahili pale Cedar, usishangae ukijibiwa kwa Kiswahili cha Eastleigh, Nairobi. Na tangu Aprili 2023, Minneapolis ndilo jiji kubwa la kwanza Marekani kuruhusu adhana ya vipaza sauti kwa swala zote tano.

Kuna jambo la mtaji ambalo kila jumuiya ingefaa ilijue. Muislamu anayeogopa riba hakuwa na wa kumkopesha. African Development Center, taasisi iliyoasisiwa na marehemu Hussein Samatar, ilishirikiana na jiji kuanzisha mkopo wa namna ya mauziano: vifaa vinanunuliwa, kisha mfanyabiashara anauziwa kwa faida iliyokubaliwa tangu mwanzo, naye analipa kidogo kidogo. Baadhi ya biashara ndogo zimeanza kwa mtaji wa aina hiyo.

Matunda ya bidii ya wafanyabiashara wadogo utayaona Karmel, soko la Wasomali lililo karibu na Lake Street. Ndani ni ujia mwembamba na fremu zilizobanana: dera zimening'inia hadi darini, bangili za dhahabu ziko nyuma ya kioo, fundi cherehani anapunguza urefu wa kanzu huku mwenyewe akisubiri. Harufu ya udi inachanganyika na ya sambusa na chai ya iliki. Msikiti umo humohumo.

Lake Street yenyewe ni ndefu na ina mengi. Mercado Central, iliyofunguliwa mwaka 1999, ni ushirika wa wafanyabiashara wadogo wa Kilatino. Midtown Global Market imo katika jengo la Sears la mwaka 1928. Katika ghasia za 2020 majengo mengi ya barabara hii yaliteketea, na aliyekuwa mpangaji tu akabaki akingoja uamuzi wa mwenye jengo.

Ghasia hizo zilifuata kuuawa kwa George Floyd tarehe 25 Mei, kwenye njiapanda ya Barabara ya 38 na Chicago Avenue. Anayefika pale kuomboleza aitembee Barabara ya 38 yote, aifikie ofisi ya Spokesman-Recorder, gazeti la Wamarekani Weusi lililoanzishwa mwaka 1934. Weusi hawakujikusanya huko kwa hiari peke yake: tangu 1910 hati za nyumba nyingi za jiji hili zilikuwa na sharti la kuwakataza wasinunue. Franklin nayo ni ya wenyeji asilia. Vuguvugu la American Indian Movement lilizaliwa jijini humu mwaka 1968, na kituo cha wenyeji hao kikafunguliwa barabarani hapo mwaka 1975.

Sisi wa Kiswahili tumetawanyika zaidi. Wakenya wengi wako Brooklyn Park na Brooklyn Center, nje kidogo ya jiji. Tunachangishana haraka penye msiba au arusi, na hilo ni jema. Lakini mchango wa namna hiyo unaweza pia kununua jengo moja lenye fremu za kukodisha kwa mama mpishi, msusi na fundi wetu. Tuanze kwa kuhudhuria mikutano ya vyama vya mitaa, ambako mpangaji naye anakaribishwa. Tuulize kuhusu mikopo ya ushirika na isiyo na riba. Na Jumamosi hii, ndugu msomaji, fedha ya kitoweo chako ipeleke Lake Street.