Tununue Kazi ya Kompyuta, Tusinunue Jina Lake

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Katika konde la mihogo neno hilo ni la kweli, kwani mwenye nia ya kulima hakawii sokoni akipima mipini. Walakini zama zetu zimeleta jembe jingine, ambalo asiyelichagua kwa makini hulima nalo siku chache tu, kisha akabaki na deni mkononi na chuma kisicho na kazi. Jembe hilo ni kompyuta ya mezani.

Haja ya chombo hiki imeingia katika skuli zetu, ofisi za masheha, vituo vya afya, vyama vya ushirika na nyumba za wazazi wenye watoto wa sekondari. Haja imekua haraka kuliko mifuko yetu. Kwa hiyo suala linalotukabili wananchi wa Unguja na Pemba, na linalowakabili zaidi wale waliokabidhiwa fedha za umma, si kama tununue au tusinunue, bali ni namna ya kununua kwa fedha kidogo kitu kitakachodumu. Kwa mtu wa kisiwani kosa la ununuzi lina adhabu mbili. Bara, mwenye kompyuta mbovu hupanda daladala akairejesha dukani. Wa Wete au Mkoani huilipia nauli ya meli, na aghalabu huona heri aiache ikae pembeni ya chumba, imefunikwa kitambaa.

Kosa lililo kubwa kuliko yote ni kununua jina. Mteja huingia dukani akaambiwa, "Hii ni i7, hapana ya juu yake," naye akaamini. Neno hilo ni jina la prosesa, yaani bongo la kompyuta, sehemu ile ipokeayo amri na kupiga hesabu zote. Takriban kompyuta zote za mezani zenye Windows katika maduka yetu zina prosesa za kampuni mbili, Intel na AMD. Kwa miaka mingi Intel imeziita zake i3, i5 na i7, na AMD inazo Ryzen 3, Ryzen 5 na Ryzen 7. Wengi wetu tumezichukulia namba hizo kama madaraja ya karafuu, kwamba kila daraja lina bei yake na ubora wake.

Mfano wa karafuu ni mzuri, ila tuukamilishe. Karafuu hushindanishwa za msimu mmoja. Ya daraja la juu iliyolala ghalani miaka kumi haiwezi kusimama mbele ya ile iliyoanikwa mwaka huu. Prosesa nazo zina misimu, na misimu hiyo huitwa vizazi. Chukua prosesa ya Intel iitwayo i7-2600, iliyotoka mwanzoni mwa mwaka 2011, uiweke karibu na i3-12100 iliyotoka mwaka 2022. Zote mbili zina viini vinne vya kufanyia kazi, na kasi yao ya kimsingi yakaribiana. Lakini hiyo i3, inayodhaniwa kuwa ya wanyonge, hufanya kazi zaidi ya maradufu katika muda ule ule, tena kwa joto dogo zaidi. Aliyelipa zaidi kwa ajili ya jina la i7 ya mwaka 2011 amelipia sifa ya marehemu.

Kukitambua kizazi si jambo la wataalamu peke yao. Katika majina hayo ya Intel, tazama namba iliyo baada ya kistari, uziache tarakimu tatu za mwisho. Inayobaki ndiyo kizazi. Kwa hiyo i5-8500 ni ya kizazi cha 8, na i3-12100 ni ya kizazi cha 12. Herufi ya mwisho nayo ina maana. T huonyesha prosesa iliyopunguzwa matumizi ya umeme. F huonyesha kuwa haina uwezo wa picha ndani yake, kwa hiyo bila ya kadi ya picha ya kuongezewa haitaonyesha kitu katika skrini. Upande wa AMD, prosesa za mezani zenye herufi G, kama Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021, zina uwezo wa picha ndani yake. Wala mnunuzi asitosheke na kibandiko kilichobandikwa juu ya sanduku, kwa sababu kibandiko hubandukika na kubandikwa penginepo. Aombe kompyuta iwashwe, afungue ukurasa wa maelezo ya mfumo, alisome jina la prosesa kwa macho yake mwenyewe.

Kuna sababu nyingine ya kukitazama kizazi, nayo ina tarehe. Mnamo tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa matengenezo ya kawaida ya ulinzi kwa Windows 10. Mrithi wake, Windows 11, kwa kawaida hudai prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kwa AMD mpaka wake unaanzia kwenye Ryzen za namba elfu mbili, ila yafaa kila moja itazamwe katika orodha ya Microsoft, kwani si zote zilizokubaliwa. Mashine zilizo chini ya mpaka huo hazikufa siku ile; bado zinawaka na bado zinaandika barua. Lakini ofisi kubwa za nchi tajiri hazitaki kukaa na mashine zisizo na ulinzi. Huziondoa, na kinachoondolewa huko hutafuta soko kwengine. Nasi tunajua kwamba kompyuta za mtumba hutufikia kutoka Ulaya na kutoka Ghuba, zikipitia Dubai na Dar es Salaam. Yatupasa basi tuwe macho, visiwa vyetu visiwe kituo cha mwisho cha safari hiyo.

Tusieleweke kuwa twaupinga mtumba. La hasha. Kwa mwenye fedha kidogo, kompyuta iliyotumika ofisini, iliyoundwa kiwandani ikiwa kamili, mara nyingi ni ununuzi wa busara kuliko mpya ya bei rahisi iliyoungwaungwa. Mashine za ofisi zilitengenezwa zifanye kazi mchana kutwa, hufunguka kwa urahisi, na fundi wetu anazizoea. Yenye i5-8500 ya mwaka 2018, ambayo ina viini sita, ingali na uwezo wa kutosha kwa barua, hesabu, masomo na mawasiliano. Kasoro moja ijulikane mapema: nyingi kati ya mashine hizi zina kisanduku cha kupokea umeme chenye umbo na plagi za kiwanda chake mwenyewe. Kikiungua, cha kawaida hakitaingia. Mnunuzi na aulize kabla ya kulipa kama cha akiba kinapatikana. Kwa ofisi ndogo ipo pia njia ya vikasha vidogo vipya, kama vile vyenye prosesa ya Intel N100 iliyotoka mwaka 2023. Prosesa hiyo ina viini vinne, na kiwango chake cha nguvu ni wati 6 tu. Haifai kwa mtengeneza filamu, lakini karani atafanya nayo kazi yake yote.

Prosesa ikishapatikana, fedha zisimalizwe hapo. Kompyuta yenye bongo jema na kumbukumbu finyu ni kama mwalimu hodari katika darasa lisilo na ubao. Kumbukumbu ya gigabaiti 8 ndiyo kiasi cha chini cha kustahamilika, na 16 ni bora. Diski iwe ya SSD, ya gigabaiti 256 hivi, si ile ya zamani yenye sahani izungukayo. Mtu mwenye prosesa ya wastani na SSD hufungua kazi yake wakati jirani mwenye prosesa ya fahari na diski ya zamani angali anasubiri.

Kisha uje umeme. Watu wa Unguja hatujaisahau miezi mitatu ya giza, tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, nyaya ya baharini iliposhindwa kutuletea umeme kutoka Bara. Misiba ya namna ile ni nadra, lakini umeme kukatika ghafla na kurudi kwa kishindo ni jambo tulilolizoea, na hilo ndilo liuwalo kompyuta ya mezani, ambayo haina betri kama ya mkononi. Kwa hiyo betri ya akiba, ambayo mafundi huiita UPS, si anasa. Ni sehemu ya kompyuta. Mwenye kupanga bajeti asitie fedha zote katika sanduku. Ushauri wetu ni kwamba katika kila shilingi tano, moja ibakishwe kwa ajili ya UPS, na kwa ajili ya fundi atakayeifungua mashine kila baada ya miezi michache kuondoa vumbi. Na kwa kuwa hewa yetu ni ya chumvi na unyevu, mashine isiwekwe dirishani penye upepo wa bahari, wala isiachwe wiki nyingi bila ya kuwashwa.

Sasa twageukia upande wa Serikali. Katika miaka ya sitini Wizara ya Fedha ya Tanzania ilianza kuweka hesabu zake katika mtambo wa kompyuta. Kazi ile ilikwenda mrama, na mwaka 1974 nchi ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, marufuku iliyodumu kwa miaka. Twaona kwamba funzo la kisa kile si kuogopa mashine. Funzo ni kwamba mashine iliyonunuliwa bila ya ujuzi wa kuichagua na kuitunza huliletea taifa hasara, kisha hasara hiyo huwanyima haki hata wale ambao wangeitumia vyema.

Ndiyo maana twasema kwamba karatasi ya zabuni inayoandika tu "kompyuta ya i5" haijaandika kitu. Aliyetoa bei ya chini kabisa ataleta i5 ya mwaka 2012, naye atakuwa hakuvunja mkataba. Zabuni iandike kizazi cha prosesa, ukubwa wa kumbukumbu, aina ya diski, na sharti la kuwa mashine ikubali mfumo wa Windows unaolindwa. Iandike muda wa dhamana, na iandike wazi kwamba dhamana hiyo itatekelezwa hapa hapa kisiwani. Kabla ya malipo, fundi wa Serikali aziwashe mashine moja baada ya moja, asome kilichomo ndani yake, atie saini. Kazi hiyo ni ya siku moja. Kuiacha ni hasara ya miaka mitano.

Kadhalika tuwe na ujasiri wa kukataa misaada isiyotufaa. Tangu tarehe 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel unataka taka zote za vifaa vya umeme zisivushwe mpaka pasipo nchi izipokeayo kuarifiwa na kuridhia. Mashine iliyokufa haiwi sadaka kwa kuandikwa "msaada kwa skuli". Bara wana ardhi kubwa. Sisi kila kinachotupwa tunakitupa karibu na kisima cha mtu.

Kwa wale ambao tayari wana mashine za kizazi cha zamani, tunawakumbusha usemi wetu wa kale: usiache mbachao kwa msala upitao. Nyingi kati ya hizo zaweza kufufuliwa kwa kuongezewa kumbukumbu na SSD, kisha zikawekwa mfumo wa Linux, ambao hauna malipo na matoleo yake mengi yangali yakipewa matengenezo ya ulinzi. Programu ya LibreOffice, nayo isiyo na malipo, humtosha mwanafunzi kwa kuandika na kupiga hesabu. Chumba cha kompyuta cha skuli chaweza kufunguliwa upya kwa sehemu ndogo ya bei ya mashine mpya, iwapo yupo mwalimu mmoja aliyefunzwa kukisimamia.

Hatuombi visiwa vyetu vinunue vya ghali. Twaomba vinunue kwa kujua. Mzazi wa Micheweni aliyeuza karafuu zake ili mwanawe apate kompyuta, na karani anayetia saini hati ya malipo ya mashine mia, wana swali moja la kumuuliza muuzaji: hii ni ya kizazi gani? Muuzaji mwema atajibu bila ya kusita. Asiyejibu, na abaki na jembe lake.