Tangi la maji ya bahari Shanwe: Samaki ndio mzigo wa mwisho kununuliwa

MFANYABIASHARA anayefungua duka la rejareja hujaza rafu kwanza, kisha hufungua mlango. Anayeanzisha tangi la samaki wa bahari akifuata utaratibu huo atahesabu hasara kabla ya mwezi kwisha. Katika shughuli hii bidhaa huingia mwisho. Tangi hukaa wiki nne hadi sita likiwa na maji, mawe na pampu inayozunguka, bila samaki hata mmoja. Wengi hushindwa hapo, na si kwa kukosa fedha. Huona aibu kumwonyesha mgeni kioo kitupu.

Kwa kawaida ukurasa huu hushughulika na mpunga, mahindi, asali na tumbaku. Lakini tangu Mpanda iwe makao makuu ya Mkoa wa Katavi mwaka 2012, mji umepata ofisi na wageni wa kikazi, na mwenye nyumba ya wageni au mgahawa hutafuta pambo litakalomfanya mteja akae na arudi. Tangi la samaki wa rangi ni pambo la namna hiyo. Kabla ya kutoa fedha, msomaji afahamu fedha hiyo inakwenda wapi na inapotelea wapi.

Tuchukue mfano wa mwenye nyumba ya wageni katika kata ya Shanwe anayetaka tangi la urefu wa sentimita 100, upana 40 na kina cha maji 50. Hizo ni lita 200. Maji peke yake yana uzito wa zaidi ya kilo 200. Ukiongeza kioo, mchanga na mawe, meza ya kawaida ya mapokezi haitastahimili. Gharama ya kwanza, basi, ni kwa fundi seremala au fundi wa kuchomelea, atengeneze stendi imara iliyokaa sawa sakafuni.

CHUMVI YA UVINZA SI BAHARI

Shanwe iko mbali sana na Bahari ya Hindi, kwa hiyo bahari hutengenezwa ndani ya ndoo. Jirani zetu wa Uvinza wamechimba chumvi kwa vizazi vingi, na msomaji anaweza kufikiri kwamba gunia moja la huko litamaliza kazi. Sivyo. Chumvi ya kupikia ni kloridi ya sodiamu, lakini maji ya bahari yana pia magnesiamu, kalisi, potasiamu na bikaboneti. Bila hivyo maji yatakuwa ya chumvi lakini hayatamfaa samaki wa bahari. Chumvi inayotakiwa ni ile iliyochanganywa maalumu kwa matangi ya baharini, na huku itabidi kuiagiza.

Lita moja huchukua takribani gramu 35 hadi 40 za chumvi hiyo. Kwa lita 200 ni kilo 7 hadi 8. Baada ya tangi kukomaa, nusu ya maji hubadilishwa kabla samaki hawajaingia, nayo huchukua karibu kilo 4 zaidi. Kisha kila mwezi asilimia 20 ya maji hubadilishwa, yaani lita 40, ambazo huhitaji kilo moja na nusu hivi. Ukijumlisha, mwaka wa kwanza unadai kati ya kilo 27 na 31. Anayenunua kilo 8 tu kwa sababu ndizo zinazojaza tangi amenunua chini ya theluthi moja ya mahitaji yake, na kila nyongeza italipiwa nauli upya.

Maji matamu ya kuchanganyia nayo yaangaliwe. Ya bomba yaweza kuwa na klorini, ambayo huua viumbe wa tangi. Ya kisima yapimwe, hasa katika mkoa wenye madini kama wetu. Ya mvua yaliyopita juu ya bati huweza kubeba zinki, nayo huwadhuru konokono na kamba. Maji yaliyopita kwenye mashine ya kuchuja kwa shinikizo, kama yale ya viwanda vya maji ya kunywa, ndiyo salama zaidi. Chumvi ichanganywe pembeni, pampu izungushe kwa siku nzima, kisha kipimo cha uzito wa maji kisome 1.025. Maji yakipungua kwa mvuke, ongeza maji matamu peke yake, kwa kuwa chumvi haipai hewani.

MTAJI USIOONEKANA

Sasa tufike kwenye kiini cha shughuli. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kinachooza chini huongeza nyingine. Baharini sumu hiyo hupotea katika maji mengi. Ndani ya lita 200 haina pa kwenda. Kinachoiondoa ni aina mbili za bakteria wanaojishika kwenye mawe, mchanga na chujio. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ina madhara. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi na huondolewa kwa kubadilisha maji.

Bakteria hawa ndio mtaji wa tangi. Hawaonekani, na huongezeka polepole. Tangi jipya linang'aa kama kioo kwa sababu halina kitu, na anayeweka samaki siku ya pili anawatia ndani ya chumba kisicho na choo. Siku chache baadaye samaki huhema kwa kasi karibu na uso wa maji, huacha kula, kisha hufa mmoja mmoja. Mwenye tangi husema aliuziwa samaki wabovu, hununua wengine, na hasara hujirudia.

Hatari ni kubwa zaidi kwa maji ya bahari kuliko maji ya mto. Amonia huwa kali kadiri maji yanavyoondoka kwenye uchachu, na kila hatua moja ya kipimo cha pH huongeza sehemu iliyo sumu karibu mara kumi. Maji ya bahari husimama kwenye pH ya 8.2 hivi. Kiasi cha amonia ambacho samaki wa maji baridi angekivumilia kwenye pH ya 7 kinaweza kumuua wa baharini.

HESABU YA WIKI SITA

Namna ya kuwaotesha bakteria ni kuwalisha amonia kabla ya samaki kuwapo. Unaweza kutumia kloridi ya amonia safi hadi kipimo kifike miligramu 2 kwa lita, au kutumbukiza kipande cha kamba mbichi kioze humo. Njia ya kwanza hupimika vizuri zaidi. Amonia ya kusafishia vyoo yenye manukato au sabuni isitumike.

Vifaa vya kupimia amonia, nitriti na nitrati si anasa. Ni daftari la hesabu la tangi. Wiki ya kwanza amonia hubaki juu. Wiki ya pili au ya tatu huanza kushuka, na nitriti hupanda. Baadaye nitriti nayo hushuka na nitrati hujitokeza. Katikati ya safari mawe huota utando wa kahawia, na wengi hudhani tangi limeharibika. Ni mwani wa kawaida wa tangi changa, haufai kuwa sababu ya kumwaga maji na kuanza upya.

Mtihani wa mwisho uko wazi. Weka tena amonia ya miligramu 2 kwa lita. Kama baada ya saa 24 amonia ni sifuri na nitriti ni sifuri, tangi limekomaa. Kama mojawapo bado inasoma, subiri. Hakuna kigezo kingine, hata kama kalenda inasema wiki sita zimekwisha. Aliyekopa fedha kwa ajili ya shughuli hii apange marejesho yake akijua kwamba katika muda huo hapati kitu.

Jambo jingine la kuwekea fedha ni umeme. Pampu ikisimama, hewa ndani ya maji hupungua, na katika saa chache bakteria na samaki huanza kukabwa. Pampu ya wati 20 inaweza kuendeshwa na betri ya volti 12 yenye saa-ampea 40. Ukitumia nusu tu ya nguvu yake, una wati-saa 240, yaani karibu saa 10 baada ya kutoa upotevu wa kibadilishia umeme. Kwa mwenye sola tayari, gharama hii ni ndogo.

MFUKO UKISHAFUNGULIWA

Wengi wa samaki wa bahari wa mapambo bado huvuliwa baharini, ingawa aina kadhaa, kama yule mdogo wa rangi ya machungwa mwenye mistari myeupe, huzalishwa kwenye matangi. Pwani ya Kenya imekuwa na wapiga mbizi wanaovua kwa ajili ya soko hili kwa miaka mingi. Mnunuzi wa mara ya kwanza achague waliozalishwa tangini, kwa kuwa wamezoea chakula cha kununua na kioo.

Samaki husafiri katika mfuko wa plastiki wenye theluthi moja ya maji na theluthi mbili za hewa ya oksijeni, ndani ya boksi linalozuia joto. Hapa pana kosa linalowagharimu wa mikoa ya mbali kuliko wa Dar es Salaam. Safari ikiwa ndefu, amonia hujaa mfukoni, lakini pumzi ya samaki huongeza uchachu wa maji na kuipunguza makali. Mfuko ukifunguliwa, hewa ile hutoka, pH hupanda, na amonia hugeuka sumu kwa dakika chache.

Kwa hiyo usifungue mfuko na kuanza kuongeza maji tone kwa tone kwa saa nzima, kama vitabu vingi vinavyoshauri kwa safari fupi. Muulize muuzaji mapema kipimo cha chumvi yake, uandae maji yanayolingana. Elekeza mfuko uliofungwa juu ya maji kwa dakika 20 ili joto lilingane. Kisha fungua, mtoe samaki, na maji ya mfukoni yamwagwe.

Samaki wapya wakae kwanza kwenye tangi dogo la pembeni kwa wiki nne. Ugonjwa wa madoa meupe ukiingia tangi kubwa, dawa yake ya shaba huua konokono na kamba wote, na huwezi kuitumia humo bila kupoteza mali nyingine. Kwenye tangi kubwa watangulie konokono wa kusafisha mwani, kisha samaki mmoja au wawili wagumu. Bakteria walio humo wanatosha mzigo waliozoea tu. Ukiongeza samaki watano kwa siku moja, amonia itapanda tena kana kwamba tangi ni jipya. Ongeza wawili, pima, ngoja wiki mbili, ndipo uongeze.

Tahadhari ya kisheria: usiokote matumbawe. Ndani ya hifadhi za bahari kuyachukua ni kosa, na matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, hivyo hayavuki mpaka bila kibali. Mawe makavu ya chokaa yanatosha kuwapa bakteria makazi.

ZIWA LIKO KARIBU

Msomaji wa Shanwe ana njia nyingine ambayo mwenzake wa Dodoma hana. Zaidi ya kilomita 100 kutoka Mpanda ipo Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, lenye aina zaidi ya 200 za samaki wa ukoo wa sichlidi, karibu zote zisizopatikana kwingine duniani. Kuhe tunayemla ni wa ukoo huo. Wadogo zake, wakiwamo wanaotaga ndani ya makombe ya konokono, ndio wanaotafutwa na wafugaji wa Ulaya na Marekani. Biashara ya kuwasafirisha ilikuwa imeshika mizizi Bujumbura tangu miaka ya 1970, na Kigoma nako huvuliwa kwa soko hilo.

Tangi la ziwa halihitaji chumvi ya kuagiza, na safari ya samaki ni ya saa chache. Lakini asidhani mtu kwamba atakwepa wiki sita. Maji ya Tanganyika yanafikia pH ya 9, ambapo zaidi ya theluthi ya amonia yote huwa sumu. Bakteria ni wale wale na kipimo ni kile kile. Anayetaka kuvua mwenyewe kwa ajili ya kuuza aanzie ofisi ya uvuvi ya wilaya, kwa kuwa leseni ni lazima.

Ushauri wa ukurasa huu kwa anayeanza na mtaji mdogo: nunua stendi, pampu, betri na vipimo mwezi wa kwanza, na fedha ya samaki iache benki. Tangi likifaulu mtihani wa saa 24, ndipo uagize samaki wawili. Kama baada ya wiki sita umechoka kupima, uza vifaa vikiwa vipya. Utakuwa umepoteza sehemu ya fedha, na hakuna samaki aliyekufa kwa ajili ya kukufundisha.