Kichwa cha treni cha Stalin na rangi ambazo hakikuwahi kupakwa

Kila nikiulizwa nafanya nini usiku mbele ya kompyuta, nikajibu kwamba napaka treni rangi, watu hucheka. Lakini kazi hiyo ipo, na wanaoifanya duniani si wachache.

Kuna programu za kuiga uendeshaji wa treni, ziitwazo simuleta, ambazo humkalisha mtu kwenye kiti cha dereva akiwa sebuleni kwake. Kila kichwa cha treni humo ni umbo tupu lililovishwa picha bapa, mfano wa mto na foronya yake. Ukiifungua ile picha kwa programu ya kuchorea, ukabadilisha rangi, nambari na nembo, kisha ukairudisha mahali pake, umbo hukuligusa lakini kichwa kimekuwa kingine. Ndiyo sababu hata asiyejua kuunda maumbo anaweza kushiriki, mradi aliyeunda umbo lenyewe ametoa ruhusa.

Wengi hupaka rangi zilizokuwepo kweli. Sisi wengine tumeshikwa na tawi la historia mbadala: lau uamuzi fulani ungekwenda upande wa pili, kichwa hiki kingevaa nini? Vichwa vya umeme ndivyo hasa vinavyofaa kwa swali hilo. Kichwa cha dizeli waweza kukiuza popote palipo na reli ya upana wake. Cha umeme kimefungwa kwa waya wake na volti zake, na siku waya zikiteremshwa, hakiendi popote. Kwa hivyo nyuma ya kila kimoja kuna serikali ama kampuni iliyokata shauri.

Mfano niupendao kuliko yote uko Marekani. Mwaka 1946 Umoja wa Kisovieti uliagiza vichwa 20 vya umeme kutoka General Electric. Ilipofika 1948, Vita Baridi vikiwa vimeshaanza, serikali ya Marekani ikazuia bidhaa za namna hiyo kupelekwa huko. Vikabaki bila mwenyewe, majitu ya zaidi ya tani 240 kila kimoja, vingi vikiwa vimeundwa kwa reli pana za Urusi za milimita 1,524 badala ya 1,435 za Marekani. Wafanyakazi wa reli wakavibandika jina la "Little Joe", yaani Joe mdogo, wakimtania Joseph Stalin. Mwishowe vitano vilikwenda Brazil kwa kampuni ya Paulista, vitatu vikachukuliwa na South Shore Line ya upande wa Chicago, na 12 vikanunuliwa na Milwaukee Road, iliyokuwa na waya za umeme katika milima ya Montana na Idaho.

Historia mbadala iliyo rahisi hapo ni kwamba shehena haikuzuiwa. Unampaka Joe kijani, unamtia nyota nyekundu usoni na maandishi ya Kirusi ubavuni, umemaliza. Zinapendeza, sikatai, lakini mimi naziona nyepesi. Hazina swali ndani yake.

Swali zito liko Milwaukee. Kampuni hiyo ilikuwa na sehemu mbili zenye waya: moja kutoka Harlowton, Montana, hadi Avery, Idaho, na nyingine kutoka Othello hadi Tacoma, karibu na Bahari ya Pasifiki. Katikati kulikuwa na pengo la maili 216, karibu kilomita 350, lisilo na waya hata mmoja. Treni ikifika Avery, vichwa vya umeme hufunguliwa na dizeli zikaendelea. Pengo lile halikuzibwa kamwe. Umeme wa magharibi ulizimwa 1972, na wa mashariki Juni 1974, miezi michache tu baada ya vikwazo vya mafuta vya Oktoba 1973 kuyapandisha mafuta bei dunia nzima. Shaba ya waya ikauzwa. Mwaka 1977 kampuni ikafilisika, na 1980 njia yenyewe ya kwenda Pasifiki ikaachwa.

Katika historia yangu, pengo liliziba. Sasa Joe wa mwaka 1985 anafananaje? Si swala la kuchukua rangi ya chungwa na nyeusi za kampuni na kuzing'arisha. Kichwa hicho kina umri wa zaidi ya miaka 35. Kina viraka vya bati na nambari mpya juu ya za kale ambazo bado zaonekana kwa mbali. Juu ya paa, pale pantografu, ule mkono unaosugua waya, inapokaa, hakuna masizi ya moshi, kwa kuwa moshi hakuna. Kuna vumbi la kaboni na shaba. Chini, magurudumuni, ni vumbi la breki la rangi ya kutu. Na kampuni iliyotumia fedha zake kuweka nguzo na waya kilomita 350 haina za kupaka rangi, kwa hiyo nembo mpya nimeibandika juu ya chungwa iliyopauka. Wazoefu wa picha zinazong'aa watasema nimekichafua.

Mara nyingine historia huipaka rangi mbadala yenyewe. Uingereza iliunda vichwa saba vya EM2 mwaka 1953 na 1954 kwa njia ya Manchester hadi Sheffield kupitia Woodhead, ya volti 1,500. Mwaka 1969 viliuzwa Uholanzi, ambako waya ni za volti hizo hizo, vikavaa manjano na kijivu na kuendelea hadi 1986. Njia ya Woodhead ilifungwa 1981. Vichwa vikaishi kuliko reli yao. Mwingereza akikipaka kimoja rangi za InterCity za miaka ya 1980, anakirudisha nyumbani ambako hakukuwa na nyumba tena.

Vijana wa hapa huniuliza lini nitapaka cha Mombasa hadi Nairobi. Treni yetu ya SGR ilianza 2017 kwa dizeli. Ya wenzetu wa Tanzania ilianza 2024 kwa umeme wa volti 25,000. Rangi ni kazi ya jioni mbili. Lakini kwanza lazima nguzo zisimame kutoka Miritini, ndani ya simuleta, na mtu aamue umeme watoka Olkaria ama wapi, na mwaka gani mkataba ulibadilishwa. Nimeshaanza na nguzo, nimefika Mariakani.